Fundi Akifuta Kompyuta Yako, Leseni Huenda Wapi?

BILA shaka, msomaji, umewahi kupitia hali hii. Na kama hujaipitia, itakufikia. Kompyuta ya nyumbani imeanza uzembe. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuinjika chai, ikachemka na ukainywa kabla haijawa tayari kwa kazi. Unaibeba hadi mjini kwa fundi. Fundi anaifunua, anaitazama kidogo, anatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya eksirei, kisha anasema: "Mama, hii lazima ifomatiwe. Windows peke yake ni elfu mbili na mia tano."

Unalipa. Ungefanya nini? Mtoto ana kazi ya chuo, wewe una hesabu za chama, na hakuna anayetaka kubishana na mtu aliyeshika bisibisi.

Lakini kuna swali moja ambalo wengi wetu hatuliulizi. Ile Windows iliyokuwamo ndani ya kompyuta siku ulipoinunua, ambayo bei yake ilijumlishwa katika bei ya kompyuta, imekwenda wapi? Imeisha kama gesi ya mtungi? Imefutwa pamoja na zile picha za harusi? Au bado imo mle ndani, nawe unauziwa mara ya pili kitu ambacho ni chako tayari?

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakuliuliza swali hilo kwa miaka mitatu. Mwaka 2021 alimnunulia bintiye kipakatalishi kuukuu aina ya HP EliteBook, mojawapo ya zile zinazoletwa kutoka Ulaya zikishatumiwa na makampuni. Kila baada ya muda, maandishi hafifu yalijitokeza chini ya skrini, pembeni kulia: "Activate Windows". Mara ya kwanza mwalimu alilipa Sh2,500. Mara ya pili Sh2,000. Mara ya tatu alirudi kwenye Sh2,500, na mara hiyo fundi alifuta kila kitu bila kuuliza, ukiwemo mradi wa mwisho wa chuo ambao binti alikuwa ameuandika kwa miezi minne. Msichana alilia siku mbili. "Hizo pesa nimezisamehe," mwalimu aliniambia. "Yale machozi siwezi."

Tutarudi kwake. Kwanza tuelewane kuhusu maneno.

Ufunguo si leseni

Walimu wetu wa Kiswahili wanatuhimiza tuseme tarakilishi, nami sina ugomvi nao, ila kwa kuwa fundi wako atasema kompyuta, nami nitasema kompyuta. Windows ni ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, ambayo bila yake chombo chote ni sanduku la nyaya tu. Leseni ni ruhusa ya kuitumia programu hiyo. Ufunguo ni ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu 25, iliyogawanywa katika mafungu matano ya herufi tano tano, ambayo huonyesha kwamba ruhusa unayo.

Watu huchanganya hivi viwili na kupata hasara. Fikiria shamba. Haki yako juu ya shamba ni kitu kimoja, na nambari iliyo kwenye hati ya shamba ni kitu kingine. Mtu akiinakili nambari hiyo katika daftari lake, hajawa na shamba. Vivyo hivyo, mtu anayekuuzia herufi 25 zilizoandikwa kwenye kipande cha karatasi hajakuuzia leseni. Huenda hana leseni yoyote ya kuuza.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Windows 95 ilipotoka Agosti 24, 1995, ufunguo uliandikwa tu wakati wa kuiweka, na hakuna aliyeukagua tena. Diski moja na ufunguo mmoja viliweza kuzunguka ofisi nzima, halafu vikahamia kwa mashemeji. Microsoft ililiona hilo, na Windows XP ilipoingia sokoni Oktoba 2001 ilikuja na utaratibu mpya. Baada ya kuandika ufunguo ulipewa siku 30 za kuwasiliana na Microsoft kwa intaneti au kwa simu, nao wakaunganisha ufunguo wako na alama ya vipande vilivyomo ndani ya kompyuta yako. Siku 30 zikipita bila hivyo, mlango ulifungwa. Hukuweza hata kuingia.

Hata hivyo ujanja haukukosekana. Ufunguo mmoja wa matumizi ya makampuni, ulioanza kwa herufi FCKGW, ulivuja mwaka huo huo wa 2001, na ukaandikwa kwa kalamu ya wino juu ya diski za kuchoma katika kila pembe ya dunia. Wengi wetu tulioshika kompyuta miaka ile tuliuona, na wengine waliujua kwa moyo kuliko nambari zao za kitambulisho. Mwaka 2002 Microsoft iliufungia ilipotoa marekebisho yake makubwa ya kwanza ya XP.

Leseni ya aina gani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo naomba usome polepole.

Leseni ya kwanza ni ile ambayo kompyuta huzaliwa nayo. Mtengenezaji, awe ni HP, Dell, Lenovo au mwingine, huinunua kwa bei ya chini na kuiweka kiwandani. Mafundi huiita OEM. Leseni hii imeolewa na kompyuta hiyo, na ndoa yenyewe haina talaka. Unaweza kuifuta Windows na kuiweka upya mara mia moja kwenye kompyuta ile ile bila kulipa chochote, lakini huwezi kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, hata kama ile ya kwanza imekufa na unaiuza kama vyuma.

Ya pili ni ya dukani, inayouzwa peke yake. Windows 11 Home ilipoingia sokoni bei yake rasmi Marekani ilikuwa dola 139, na kwa bei hiyo bila shaka unaelewa kwa nini ni wachache wanaoinunua. Faida yake ni kwamba inaweza kuhama. Ukinunua kompyuta mpya unaitoa kwenye ile ya zamani na kuipeleka kwenye mpya. Sharti ni moja: iwe kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni ya jumla, inayonunuliwa na makampuni, vyuo na ofisi za serikali kwa ajili ya mashine nyingi. Hiyo ni ya shirika, si ya mfanyakazi, na kompyuta inapouzwa kwa mtu wa nje haimfuati. Kama kompyuta unayoitumia ni ya mwajiri wako na ina leseni hiyo, hakuna tatizo lolote. Ikiwa ni ya kwako mwenyewe nyumbani, basi ipo kasoro mahali fulani.

Sasa, kwa hiyo leseni ya kwanza, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi, swali ni moja: imeandikwa wapi? Jibu linategemea umri wa kompyuta.

Kama ni ya wakati wa Windows XP, Vista au 7, tafuta stika. Huwa ubavuni mwa kompyuta ya mezani, au chini ya tumbo la kipakatalishi, na wakati mwingine imefichwa nyuma ya betri. Ole wako kama watoto wameibandua, au joto na jasho la mapaja vimefuta maandishi. Watu wenye busara walizipiga picha mapema.

Kuanzia Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, mambo yaligeuka. Watengenezaji waliacha kuchapisha ufunguo kwenye stika na badala yake wakauandika ndani ya chipu iliyo kwenye madabodi, yaani ule ubao mkuu ambao vipande vyote vya kompyuta vimeshikamana nao. Hauonekani kwa macho. Fundi akifuta diski, haufutiki, kwa sababu hauko kwenye diski. Unapoweka Windows upya, programu ya kuweka huusoma yenyewe kimya kimya na haikuulizi kitu.

Kisha ikaja Windows 10, Julai 29, 2015, na leseni isiyo na karatasi wala stika. Microsoft huweka katika kumbukumbu zake alama ya kompyuta yako, na hasa ya madabodi. Ukiifuta kompyuta na kuiweka upya, unapofikia mahali pa kuulizwa ufunguo unachagua "I don't have a product key", yaani sina ufunguo, unaendelea, na baadaye ukiunganisha intaneti kompyuta inatambuliwa yenyewe. Nimeona watu wakisita hapo kana kwamba wanasema uongo mbele ya hakimu. Hakuna uongo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ila uchague toleo lile lile. Kompyuta yenye leseni ya Home ikiwekewa Pro haitatambuliwa, hata kama ni halali kama pete ya ndoa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoanguka. Sisemi kwamba wote ni walaghai; nimewajua wengi walio waungwana kabisa. Mtindo wao ni kwamba wana flashi moja yenye Windows ya toleo moja, Pro au Enterprise, na kila kompyuta inayoletwa mezani inapewa hiyo hiyo, kama dawa ya minyoo ya shule. Kompyuta inakataa kuitambua leseni, fundi anatoa programu ya kuvunja kufuli, na mteja analipishwa "Windows".

Uchunguzi wa dakika mbili

Kabla hujaipeleka kompyuta popote, fanya hivi wewe mwenyewe. Shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kisanduku kidogo kitajitokeza. Andika slmgr, acha nafasi, kisha /xpr, halafu ubonyeze Enter. Subiri kidogo.

Ukiambiwa "permanently activated", kompyuta inasema leseni yake ni ya kudumu. Ukiona badala yake maneno "Volume activation will expire" na tarehe mbele yake, basi mashine yako inajifanya ni ya shirika. Leseni za aina hiyo hudumu siku 180, na kwenye shirika halali hujisasisha zenyewe kwa kuwasiliana na kompyuta kuu ya ofisi. Nyumbani kwako hakuna kompyuta kuu ya ofisi. Kuna programu bandia iliyofichwa ndani inayoigiza kuwa ndiyo hiyo kompyuta kuu, na siku programu ya kuzuia virusi itakapoikamata na kuifuta, yale maandishi hafifu yatarudi pembeni mwa skrini. Ndiyo maana mwalimu jirani yangu alikuwa akirudi kwa fundi kama mtu wa kliniki.

Kipimo hicho si kamilifu, maana kuna ujanja mwingine unaodanganya hata hapo, lakini kinawanasa wengi.

Sasa rudia, safari hii uandike slmgr /dli. Kisanduku kitakuonyesha aina ya leseni. Ukiona OEM_DM, ufunguo unaotumika ni ule wa kwenye chipu. OEM_COA ni wa stika. RETAIL ni wa dukani, na VOLUME ni wa jumla. Chini yake utaona herufi tano za mwisho za ufunguo wako.

Hapa pana mtego ambao umewachanganya hata watu wenye kujua. Kompyuta nyingi zilizopandishwa kutoka Windows 7 au 8 hadi 10 huonyesha neno RETAIL, na herufi tano za mwisho ni 8HVX7 kwa toleo la Home au 3V66T kwa Pro. Mwenye kompyuta hufurahi akidhani ana leseni ya dukani anayoweza kumhamishia mwanawe. La hasha. Funguo hizo mbili ni za umma, zimo katika mamilioni ya kompyuta, na kazi yake ni kujaza nafasi tu. Leseni halisi ni ile alama iliyo katika kumbukumbu za Microsoft, na ni ya kompyuta hiyo peke yake. Usisumbuke kuunakili ufunguo wa namna hiyo, na yeyote akikuuzia, mwambie umeuona bure gazetini.

Ukibadilisha vipande

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: nikibadilisha diski, je, nitapoteza leseni? La. Diski za zamani za kuzunguka ndizo zinazofanya kompyuta nyingi zizembee, na kuitoa moja na kuweka diski mpya ya SSD ni mojawapo ya matengenezo bora ambayo pesa yako inaweza kununua. Leseni haimo humo. Unaweka Windows ya toleo lile lile, unaunganisha intaneti, basi. Kuongeza kumbukumbu, yaani RAM, vilevile hakuna shida. Betri, skrini, kibodi, hata usiwaze.

Madabodi ndiyo tofauti. Kwa Microsoft, kubadilisha madabodi ni kama kubadilisha kompyuta. Kama mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeibadilisha kwa sababu ilikuwa mbovu, leseni iliyozaliwa na kompyuta inaendelea. Lakini kama uliamua tu kuweka nyingine yenye nguvu zaidi, leseni hiyo imekwisha kazi. Kwa mafundi wetu wa mjini kuna hali ya tatu ya kuchekesha: madabodi iliyotolewa kwenye kipakatalishi kingine kilichovunjika kioo huja na ufunguo wake yenyewe ndani ya chipu, kama bibi harusi na sanduku lake la nguo. Kompyuta yako ya Home inaweza kuamka ikiwa Pro, au ikiwa haina chochote.

Mwenye leseni ya dukani, kwa upande wake, ana njia. Tangu Agosti 2016 Windows 10 inakuruhusu kuifunga leseni na akaunti yako ya Microsoft, yaani anwani ya barua pepe na neno la siri. Ingia Settings, tafuta Activation, usome yaliyoandikwa. Ukiona "digital license linked to your Microsoft account", umefanya vyema. Siku utakapobadilisha madabodi, utarudi hapo hapo, ubonyeze Troubleshoot, useme kwamba umebadilisha kipande cha kompyuta hivi karibuni, na uchague jina la kompyuta yako katika orodha. Fanya hivyo kabla ya ajali, kwa maana baada ya ajali ni kuchelewa. Na kama unaihamisha leseni ya dukani hadi kompyuta nyingine kabisa, kwanza iondoe kwenye ile ya zamani kwa amri ya slmgr /upk, kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Unapoiuza ile ya zamani, mnunuzi hapaswi kupewa leseni ambayo bado unaitumia wewe.

Kupanda ngazi

Wengi walipata Windows 10 bure. Kuanzia Julai 2015, mwenye Windows 7 au 8.1 halali aliruhusiwa kupanda bila malipo kwa mwaka mmoja. Mwaka ulikwisha Julai 2016, lakini mlango uliachwa wazi kidogo, na funguo za Windows 7 ziliendelea kukubalika miaka kadhaa baadaye, hadi Microsoft ilipotangaza Septemba 2023 kwamba imeufunga. Kwa hiyo ile stika ya Windows 7 iliyo tumboni mwa kipakatalishi chako haiwezi tena kuizindua Windows 10 kwenye kompyuta ambayo haijawahi kupanda. Ila kompyuta iliyokwisha kupanda kabla ya hapo haikunyang'anywa kitu. Leseni yake iko palepale, na unaweza kuiweka upya utakavyo.

Na unapopanda, leseni ya zamani haibaki kama nguo iliyokubana ya kumpa mdogo wako. Inamezwa na ile mpya. Kaka aliyepandisha kompyuta yake kutoka 7 hadi 10, kisha akampa dada yake ufunguo wa 7, amegawa kisichogawanyika.

Kutoka 10 hadi 11 pia hakuna malipo. Leseni ya 10 inaizindua 11 ya toleo lile lile. Kikwazo ni kompyuta yenyewe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel inaanzia takriban kizazi cha nane. EliteBook nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu mjini hazifikii hapo. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Haikuzimika siku hiyo, na leseni haikufa; kilichokoma ni marekebisho ya kawaida ya usalama, ingawa kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja.

Mwenye kompyuta isiyokubali 11 anaweza kufikiria Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo haina ufunguo wala leseni ya kununua. Kuandika barua, kusoma mitandao na kufanya hesabu za chama inaweza. Kwa mtu aliyezoea Windows wiki ya kwanza ni kama kuendesha gari la usukani wa kushoto.

Ufunguo wa bei ya nyama

Huenda umeona matangazo ya ufunguo wa Windows kwa bei ya nusu kilo ya nyama na ukajiuliza unatoka wapi. Asili ya biashara hiyo iko Ulaya. Julai 6, 2000, mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba Microsoft haingeweza kumzuia muuzaji kutenganisha programu ya OEM na kompyuta na kuiuza peke yake. Kisha Julai 3, 2012, Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba mtu aliyenunua programu kwa matumizi ya kudumu anaweza kuiuza kama mitumba, mradi aiondoe kabisa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mwenye leseni ya watu wengi haruhusiwi kuikata vipande na kuuza kimoja kimoja. Na nyingi za funguo za bei ya kutupa ni vipande vya namna hiyo hasa, au za kampuni ambayo haijui kwamba inaibiwa. Zinafanya kazi leo, kesho zinafungiwa, na muuzaji amebadilisha jina la duka lake. Isitoshe, uamuzi wa Ulaya hauna nguvu Kenya. Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na jambo ambalo hunichekesha kila mara ni kwamba sheria hiyo inaiweka programu ya kompyuta katika kundi moja na kazi za fasihi, bega kwa bega na riwaya na tamthilia.

Mimi nahofia zaidi zile programu za kuvunja kufuli kuliko sheria. Ili zifanye kazi, fundi hulazimika kwanza kuizima programu ya kuzuia virusi. Hebu fikiria. Unamwambia mlinzi alale, kisha unamfungulia mlango mtu usiyemjua, na ndani ya nyumba kuna nywila ya benki yako. Mwaka 2021 wachunguzi wa usalama wa kompyuta walifichua kwamba faili iliyosambazwa kwa jina la KMSPico, mojawapo ya programu maarufu za namna hiyo, ilikuwa imebeba ndani yake virusi vya kuiba nywila.

Nyumbani kwa mwalimu

Jioni moja mwaka 2024 mwalimu aliniletea ile EliteBook. Mimi si fundi, lakini nimekaa na mashine hizi miaka mingi. Tuliandika slmgr /xpr, ikatupa tarehe. Tukaandika slmgr /dli, ikatuambia VOLUME_KMSCLIENT, toleo la Enterprise. Mahali pengine pangekuwa ni leseni ya shirika. Hapa palikuwa ni sebuleni, na paka amelala juu ya kochi.

Nilijua kwamba makampuni yanaponunua kompyuta kama hiyo, aghalabu huwa imezaliwa na leseni ya Pro, na Enterprise huongezwa juu yake baadaye. Binti alinakili kila kitu chake kwenye diski ya nje, mara mbili, kwa sababu alikuwa amekwisha kufundishwa na dunia. Tulipakua Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe hadi kwenye flashi ya gigabaiti 8, tukaiweka upya. Haikuuliza ufunguo. Ilichagua Pro yenyewe. Tulipoiunganisha na intaneti ya simu na kufungua ukurasa wa Activation, ilikuwa imekwisha kutambuliwa.

Mwalimu aliiangalia skrini kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ilikuwa humu wakati wote?" aliuliza.

"Ilikuwa humo, Mwalimu."

"Zile elfu saba zote?"

Sikuwa na la kumjibu. Binti yake aliuandika upya ule mradi kutokana na kurasa alizokuwa amemchapishia msimamizi wake, na alifaulu. Kompyuta ile prosesa yake ni ya kizazi cha sita, kwa hiyo Windows 11 haitaipata, na sasa wanajadiliana baina yao kama watahamia Ubuntu. Leseni waliifunga na akaunti ya binti. Mwalimu, ambaye haamini kumbukumbu za mashine yoyote, ameiandika ile anwani ya barua pepe kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la Biblia ya familia, chini ya tarehe za kuzaliwa za watoto.